Kumtetea Nabongo Mumia

Mwalimu wa historia katika shule ya Kakamega akiwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika insha ya kumtetea Nabongo Mumia, hupata kwa kawaida majibu ya namna tatu. Wako wanaokataa, wakisema kuwa msaliti hatetewi. Wako wanaofurahi kwa sababu wamezaliwa Wanga, nao hujaza kurasa kwa sifa kana kwamba wamealikwa kumwimbia bwana harusi. Wako na wengine, ambao ndio wengi, wanaonakili kutoka kitabuni orodha ya faida alizozipata Mumia kwa Waingereza, kisha hufunga daftari na kwenda zao uwanjani. Mimi nasema kuwa wote watatu wameshindwa kazi yao, na tena wamejinyima jambo kubwa kuliko alama za mwalimu. Wewe, msomaji kijana, nakutaka usiwe mmoja wao.

Awali ya yote tuondoe kosa moja lililoenea sana, nalo ni kudhani kuwa anayemtetea mtu lazima awe anampenda mtu huyo. Wakili anayesimama mahakamani kwa ajili ya mtu aliyeshtakiwa kwa wizi si mwizi, wala hausifu wizi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mshtakiwa ahukumiwe kwa yale aliyoyatenda, wala si kwa yale anayosemwa. Hata katika mabaraza ya wazee wetu, kabla ya kuwako mahakama za serikali, mshtakiwa aliachiwa nafasi ya kusema, na mzee aliyekata shauri kwa kusikiliza upande mmoja alidharauliwa. Nabongo Mumia alifariki mwaka 1949. Hawezi tena kusimama barazani. Mwalimu anapokupa kazi ya kumtetea, anakutaka umwazime ulimi wako kwa kurasa mbili tatu, ili shauri lake lisikizwe kwa ukamilifu. Ukikataa, humwadhibu Mumia, maana yeye yuko kaburini. Unajiadhibu mwenyewe, kwa kuwa unabaki na hukumu ambayo hukuijenga kwa akili yako.

Sasa tumtazame mshtakiwa. Nabongo ni cheo, maana yake mfalme. Mumia, mwana wa Shiundu, alirithi ufalme wa Wanga kutoka kwa baba yake mnamo mwaka 1882, na makao yake yalikuwa Elureko, mahali ambapo leo ni mji wa Mumias. Misafara ya wafanya biashara Waswahili kutoka pwani ilikuwa imekwisha kuijua njia ya kufika kwake tangu siku za baba yake. Ndiyo sababu Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland aliyefika mwaka 1883, alipaita mahali hapo kwa jina walilolitumia watu wa misafara, Kwa Sundu. Mwaka 1885 alipita Askofu James Hannington, akiwa njiani kwenda Busoga ambako aliuawa. Mwaka 1889 alikuja Frederick Jackson na msafara wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na mapema mwaka 1890 akaja Carl Peters, Mjerumani, akiikimbilia Buganda kwa ajili ya nchi yake. Mwaka 1894 Waingereza waliweka kituo cha serikali kwa Mumia, na mwaka uliofuata akafika C. W. Hobley kutawala sehemu zile. Mwaka 1909 Mumia alifanywa mtawala mkuu wa wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini. Mnamo mwaka 1920 makao ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega, na mwaka 1926 Mumia aliondolewa kazini kwa uzee.

Baada ya kumjua mshtakiwa, ulijue na shtaka. Mtetezi mvivu hulipunguza shtaka ili apate kulijibu kwa urahisi. Usifanye hivyo. Liandike kwa nguvu zake zote, kama vile angeliandika adui mkubwa wa Mumia aliye msema kweli.

Shtaka lenyewe ni hili. Wakati Wabukusu walipokataa kutawaliwa na kupigana mwaka 1895 katika ngome za Lumboka na Chetambe, Mumia aliwasaidia wageni, na watu wake walikwenda vitani pamoja na askari Wasudani na majeshi ya Waganda. Wabukusu wengi waliuawa na ng'ombe wao wakachukuliwa. Baada ya vita, jamaa za Mumia walipelekwa kuwa wakuu juu ya watu ambao hawakupata kutawaliwa na Wanga. Mulama, ndugu yake wa baba mmoja, akawa mkuu wa Marama. Murunga, ndugu yake mwingine, akawekwa juu ya Wabukusu. Wakuu hao walikusanya kodi ya nyumba na kutoa watu kwa kazi za serikali, wengine wao wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ambao wengi hawakurudi. Kwa hiyo, mshtaki husema, Mumia aliiuza nchi yake kwa mgeni naye akapewa cheo kuwa ndiyo bei yake. Ndiyo maana vitabu vya historia vilivyosomwa katika shule zetu kwa miaka mingi vimemweka pamoja na Lenana wa Wamasai katika fungu la walioshirikiana na wakoloni, na wakawekwa Wanandi, Wabukusu na Wagiriama katika fungu la waliopinga. Mafungu hayo yakikaririwa ili kupasi mtihani, la kwanza huwa la aibu na la pili huwa la fahari.

Shtaka hilo ni zito. Lakini lichunguze neno kwa neno, na utaona kuwa lina neno moja ambalo halisimami. Neno hilo ni "nchi yake".

Je, nchi ya Mumia mwaka 1894 ilikuwa ipi? Haikuwa Kenya. Koloni la Kenya lilipewa jina hilo mwaka 1920. Kabla ya hapo kulikuwa na Himaya ya Afrika Mashariki, iliyotangazwa mwaka 1895, lakini Elureko haikuwa ndani yake. Mpaka mwaka 1902 nchi yote tangu Naivasha hadi ziwa la Viktoria ilihesabiwa na Waingereza kuwa mkoa wa mashariki wa Himaya ya Uganda. Basi mtu huyu anashtakiwa kwa kuisaliti Kenya katika miaka ambayo Kenya haikuwako, na hata ule mpaka ulioizaa baadaye ulikuwa umemwacha nje! Wala haikuwa nchi ya Waluhya. Jina hilo lilienea kuwa jina la watu wote wa sehemu hizi katika miaka ya 1930 na 1940, Mumia akiwa mzee sana. Mwaka 1895 Mbukusu hakumwita Mwanga ndugu yake wa taifa moja, wala Mwanga hakumwita hivyo Mbukusu. Walikuwa majirani waliooana, waliouziana vitu sokoni, na mara nyingine waliopigana.

Usaliti ni kuvunja ahadi ya uaminifu. Hakuna awezaye kuvunja ahadi ambayo hajaiweka. Watu ambao Mumia aliwajibika kwao kwa ahadi ni watu wa Wanga, na hao hakuwauza. Ukitaka kumpima mfalme, mpime kwanza kwa kipimo cha wale aliowatawala.

Jambo la pili ni kutazama dunia kwa macho ya mtu aliyekaa Elureko, bila ya kumwazima maarifa yetu. Sisi tunajua kilichofuata: kodi, kipande, mashamba ya walowezi, vita vya kudai uhuru, na bendera iliyopandishwa Desemba 1963. Mumia hakujua hata kimoja. Alichokijua ni kwamba Wajaluo wa Ugenya walikuwa wakimsukuma kutoka kusini-magharibi. Kwamba upande wa kaskazini Wabukusu walikuwa wengi na hodari wa vita. Na kwamba hata Wanga yenyewe ilikuwa imegawanyika, kwa kuwa Wanga Mukulu walikuwa na mtawala wao. Ufalme wake haukuwa mkubwa kama Buganda. Nguvu zake zilitokana zaidi na watu wa nje aliowakaribisha: Wamasai wa Uasin Gishu waliompigania, na Waswahili waliomletea nguo na bunduki. Kukaribisha mgeni na kumgeuza kuwa nguvu yake ilikuwa siasa ya nyumba hiyo tangu zamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga, na Mumia alilitumia neno hilo kama kanuni ya kutawala.

Waingereza walipofika, aliwaona kuwa wageni wengine wa namna ile ile. Walikuwa wachache, walihitaji chakula, walikuwa safarini kwenda Buganda, na walikuwa na bunduki bora kuliko za Waswahili. Tena aliwaona Mwingereza na Mjerumani wakifika mlangoni pake kwa kufuatana katika muda usiozidi mwaka mmoja, kila mmoja akitaka urafiki. Mtawala yeyote mwenye akili angefikiri kuwa anaye mtu wa kumtumia. Adui wa karibu alimjua, na adui wa mbali hakuwa bado na sura ya adui. Alichagua kama walivyochagua wafalme wengi wa Ulaya na wa Afrika katika karne zote, ambao walimwita mgeni mwenye nguvu awasaidie dhidi ya jirani.

Hapa nakuonya juu ya utetezi mmoja unaopendwa na wengi, nao ni kusema kuwa Mumia alidanganywa, kwamba alikuwa mtu mwema asiyejua kusoma, akarubuniwa kwa zawadi. Usiandike maneno hayo. Ni matusi yaliyovishwa nguo ya huruma. Mtu aliyeushika ufalme kwa zaidi ya miaka arobaini, na kuwaona maofisa wa Kiingereza wakija na kuondoka mmoja baada ya mwingine, hakuwa mtoto wa kupewa shanga akacheka. Alijua alichokuwa akikifanya kwa kadiri ya mwanga aliokuwa nao. Ukimfanya mjinga ili umwokoe, umemwondolea lawama na heshima kwa pamoja, na hilo si tetesi la mtu mzima.

Lakini ukikubali kuwa alijua alichokifanya, huna budi kukubali na jambo la tatu, ambalo ndilo gumu kwa mtetezi. Yaliyowapata Wabukusu, Wamarama na wengine chini ya wakuu wa kutoka Wanga yalikuwa dhuluma ya kweli. Watu waliokuwa wamejitawala kwa wazee wao wenyewe waliletewa mkuu ambaye hawakumchagua. Walitozwa kodi, waliamriwa kufanya kazi, na mtu aliyesimama mbele yao akiwaamrisha alisema lugha ya Wanga. Kumbukumbu hiyo haikufutika kwa miaka mingi. Mtetezi akiruka jambo hili, au akiliandika kwa mstari mmoja wa haraka, msomaji wake humwacha hapo hapo, na ana haki ya kumwacha.

Basi likubali, na uliite kwa jina lake. Hilo lilikuwa kosa la mtekaji. Alipata nguvu mpya akazitumia kuwatawala jirani ambao nguvu zake za zamani hazikuwafikia. Angalia jinsi shtaka hili linavyotofautiana na lile la kwanza. Msaliti huwauza watu wake; mtekaji huwatwaa watu wa wengine. Ukimwita Mumia msaliti, umewasahau kabisa Wabukusu, maana umesema kuwa kosa lake ni juu ya kitu kiitwacho Kenya, na wale walioumia kwa kweli, waliokuwa na majina na nyumba na ng'ombe, wamekuwa mfano tu wa habari nyingine. Kumbe mtetezi mwaminifu huwatendea Wabukusu haki zaidi kuliko mshtaki anayepayuka! Yeye hulitupa neno la uongo, akaacha mahali pake shtaka ambalo laweza kuthibitishwa.

Wako watakaokujibu kwa matokeo. Watasema: waliopigana waliangamizwa, Mumia alisalimisha watu wake, kwa hiyo Mumia alikuwa na busara. Ni kweli kwamba Koitalel arap Samoei wa Wanandi aliuawa mwaka 1905 na Richard Meinertzhagen alipokwenda kukutana naye kwa mazungumzo ya amani, na kwamba Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walikamatwa mwaka 1899 wakahamishiwa visiwa vya Shelisheli. Lakini kushindwa hakumfanyi mtu kuwa mjinga, na ukitaka kumtetea Mumia kwa kuwadharau waliokufa Chetambe, utakuwa umelipa deni moja kwa kuiba mahali pengine.

Tena matokeo yenyewe hayako upande wa Mumia kama inavyodhaniwa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia kuu ya kwenda Uganda iliuacha mji wake kando. Dhahabu ilipovumbuliwa Kakamega mwaka 1931, serikali ilikuwa imekwisha kutunga sheria mwaka 1930, ya kuwahakikishia Waafrika kuwa ardhi ya hifadhi zao ni yao daima, na kwamba ikichukuliwa sehemu watapewa sehemu nyingine badala yake. Mwaka 1932 sheria hiyo ilibadilishwa ili wachimba madini wapewe ardhi bila ya wenyeji kulipwa ardhi nyingine. Badala yake walilipwa fedha. Urafiki wa miaka arobaini wa Elureko haukuizuia kalamu ile. Mumia aliishi hata akayaona hayo. Waingereza walikuwa wameitumia nyumba yake kama ngazi, na walipokwisha kupanda hawakuwa na haja nayo. Mtetezi mwema haogopi kuandika habari hii, kwa sababu utetezi wake haukusimama juu ya faida. Umesimama juu ya swali hili: je, mtu huyu, kwa aliyoyajua, alichagua jambo ambalo mtawala mwenye akili na mwenye kuwajali watu wake angeweza kulichagua? Nami nasema ndiyo. Wewe waweza kusema hapana, lakini ulijibu swali hilo, usilikimbie kwa tusi.

Neno kwako uliyezaliwa Wanga. Mwamba ngoma huvutia kwake, nalo ni jambo la kibinadamu. Lakini insha si ngoma. Ikiwa sababu yako ya kumtetea Mumia ni kwamba ulizaliwa karibu na Matungu, ambako Nabongo wa Wanga walizikwa, basi ungalizaliwa Webuye ungalimlaani kwa sababu hiyo hiyo. Hoja inayogeuka kwa kuvuka mto Nzoia haifai kuitwa hoja. Na neno kwako uliyezaliwa Bungoma, ambaye babu yako alikusimulia habari za Murunga kwa uchungu. Uchungu huo ni halali, nao ni ushahidi. Lakini ushahidi huletwa barazani ukapimwa pamoja na mwingine. Ukimtetea Mumia kwa insha moja kwa kuwa mwalimu amekuagiza, huwi umemkana babu yako. Utarudi kwake ukiwa na maswali bora, na pengine utamsaidia kulisema jambo lake kwa namna ambayo Mwanga hataweza kulikanusha.

Wako pia watu wazima wanaosema kwamba kazi za namna hii huwaharibu vijana. Kwamba mwanafunzi akizoea kumtetea asiyependwa leo, kesho atamtetea mwovu yeyote. Naona hofu yao imeelekea upande usio wake. Kijana wa kuogopwa ni yule ambaye hakupata kamwe kulazimishwa kufikiri upande wa pili. Huyo, siku atakapoambiwa na mwanasiasa jukwaani kuwa kabila fulani ni la wasaliti, ataamini upesi, kwa sababu alikwisha kufundishwa darasani kwamba wako watu ambao hawahitaji kusikizwa. Nchi yetu imekwisha kuona mahali neno la namna hiyo linapowafikisha majirani. Kuanzia mwisho wa Desemba 2007 hadi mwaka 2008 watu zaidi ya elfu moja waliuawa katika fujo zilizofuata uchaguzi, na maelfu kwa maelfu wakafukuzwa makwao kwa sababu ya kabila. Sisemi kuwa insha za shule zingaliyazuia hayo. Nasema kuwa tabia ya kumhukumu mtu kwa jina la fungu lake huanza katika mambo madogo, na shule ni mahali pamoja ambapo yaweza kukatwa ingali changa.

Basi mwalimu akikupa kazi hii, ipokee. Andika shtaka lote bila ya kulipunguza. Litupe neno lisilosimama, na useme kwa nini halisimami. Mweke mtu wako katika siku zake, pamoja na majirani zake, akiwa na maarifa yake tu. Kubali dhuluma iliyo dhuluma, wala usiipunguze kwa kuitaja upesi. Usimwinue kwa kuwashusha wengine. Ukimaliza, soma ulichokiandika kana kwamba wewe ni Mbukusu wa mwaka 1895 uliyepoteza ng'ombe zako na ndugu yako. Ikiwa mtu huyo aweza kuisoma insha yako mpaka mwisho, hata kama hakubaliani nayo, umemtetea Mumia kwa haki. Akiitupa kwa hasira katika ukurasa wa kwanza, chukua karatasi nyingine uanze tena.